Emmy Noether: mwanachuoni aliyesomesha miaka 15 bila mshahara

Katika elimu ya hisabati kuna majina ambayo hutajwa kila siku madarasani, na huku wengi wanaoyataja hawajui wenye majina hayo walikuwa watu wa namna gani. Mojawapo ni jina la bibi mmoja wa Kijerumani, Emmy Noether. Mwanafunzi anayesoma aljebra ya juu katika chuo kikuu chochote duniani hawezi kufika mbali asilisikie jina hilo, maana limekwisha kuwa neno la kazi, kama vile seremala anavyotaja randa na patasi. Maisha ya bibi huyu yana mafunzo ambayo hayamhitaji mtu awe bingwa wa hesabu ndipo ayafahamu. Na kazi yake, ijapokuwa ni nzito, yaweza kuelezwa kwa lugha yetu hii hii, mradi msomaji akubali kwenda nayo taratibu. Mambo hayo mawili ndiyo tutakayoyatazama leo.

Bi Emmy alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 katika mji wa Erlangen, kusini mwa Ujerumani. Nyumba yao ilikuwa ya Kiyahudi, tena nyumba ya elimu. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati katika chuo kikuu cha mji huo, mtu aliyepatwa na maradhi ya kupooza akiwa na umri wa miaka 14 na mguu wake mmoja ukabaki na athari, lakini jina lake likajulikana kwa kazi zake. Mama yake, Ida, alitoka katika jamaa ya matajiri wa biashara wa Köln. Walizaliwa watoto wanne, yeye akiwa wa kwanza na binti wa pekee.

Siku zile msichana wa nyumba kama hiyo alifundishwa kupika, kutunza nyumba, kupiga piano na kucheza dansa, na lugha za kigeni kidogo. Bi Emmy naye aliifuata njia hiyo, na mwaka wa 1900 akafaulu mtihani uliompa ruhusa ya kusomesha Kifaransa na Kiingereza katika shule za wasichana. Riziki ilikuwa imekwisha kupatikana. Lakini moyo wake haukuwa huko. Badala ya kushika kazi hiyo, alikwenda kuomba akae nyuma ya madarasa ya chuo kikuu asikilize darsa. Wanawake hawakuruhusiwa kuandikishwa kama wanafunzi. Aliyetaka kusikiliza ilimbidi amwendee kila mwalimu mlangoni kwake amtake ridhaa, na mwalimu akikataa ndiyo basi. Katika wanafunzi wapatao 986 waliokuwako Erlangen wakati ule, wanawake walikuwa wawili tu.

Alivumilia hivyo miaka miwili. Mwaka wa 1903 akafaulu mtihani wa kuingilia chuo kikuu, akenda kukaa muhula mmoja Göttingen, mji mdogo ambao kwa hisabati ulikuwa kama Baghdad ya zama zake. Huko aliwasikia mabingwa kama David Hilbert, Felix Klein na Hermann Minkowski. Mwaka wa 1904 chuo cha Erlangen kilifungua mlango kwa wanawake, naye akarudi kwao akaandikishwa. Disemba 1907 akapasi mtihani wa udaktari kwa sifa ya juu kabisa.

Mwalimu wake alikuwa mzee Paul Gordan, rafiki wa baba yake. Gordan alikuwa mfalme wa kukokotoa hesabu. Kurasa kwa kurasa za kazi zake zilijaa alama na tarakimu, maneno ni haba. Bi Emmy akamfuata mwalimu wake, na katika tasnifu yake akaorodhesha zaidi ya fomyula 300, moja baada ya moja. Kazi ile ilisifiwa, lakini yeye mwenyewe baadaye aliidharau mno, akaiona kama takataka. Sababu yake tutaiona mbele.

Baada ya kupata shahada hiyo, tangu mwaka wa 1908 hadi 1915, alifanya kazi katika chuo cha Erlangen bila cheo na bila mshahara. Alitafiti, akaandika makala, na baba yake alipozidiwa na uzee na maradhi, yeye ndiye aliyeshika nafasi yake akasomesha. Gordan alipostaafu alikuja mwalimu mwingine, Ernst Fischer. Huyo ndiye aliyemwelekeza kwenye njia ya Hilbert, ya kutafuta kwa nini jambo ni hivi badala ya kulikokotoa mpaka mkono uchoke.

Mwaka wa 1915 Klein na Hilbert wakamwita Göttingen. Wakati huo Albert Einstein alikuwa anaikamilisha nadharia yake ya mvutano, nao walikwama katika jambo moja lililohusu nishati. Bi Emmy alikuwa na ujuzi hasa waliouhitaji. Akaenda. Haukupita muda mrefu mama yake akafariki, ikambidi arudi kwao kwa wiki kadhaa, kisha akashika tena safari.

Hapo ndipo kadhia ilipoanza. Ili mtu aweze kusomesha katika chuo cha Ujerumani ilimpasa apewe idhini maalumu na baraza la walimu. Walimu wa hisabati walimtaka. Lakini baraza hilo lilikuwa pia na walimu wa historia, falsafa na lugha, na wengi wao walipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba vijana watakaporudi kutoka vitani wataona aibu gani kukuta wanatakiwa kusoma miguuni pa mwanamke. Inasimuliwa kwamba Hilbert aliwajibu kwa ukali, akawaambia kwamba yeye haoni jinsi ya mtu inaingiaje katika jambo hili, maana baraza la chuo kikuu si hamamu. Jawabu hilo lilichekesha watu, lakini halikubadilisha kitu. Hilbert akatumia hila. Darsa zikatangazwa kwa jina lake yeye, na Bi Emmy akaandikwa kuwa msaidizi. Siku ikifika aliyesimama mbele ya ubao ni Bi Emmy. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda miaka minne.

Katika hali hiyo ya kusomesha kwa jina la mtu mwingine ndipo alipotoa kazi ambayo wanafizikia wanaithamini kuliko zote. Mwaka wa 1918 alithibitisha kwamba kila pale ambapo sheria za maumbile zina ulinganifu wa aina fulani, pana kitu ambacho hakipungui wala hakizidi. Mathalan, ikiwa sheria hizo ni zile zile jana, leo na kesho, basi lazima nishati ihifadhike. Habari ya kazi hiyo ilisomwa mbele ya jumuiya ya wanachuoni wa Göttingen tarehe 26 Julai 1918, na aliyeisoma ni Klein, maana Bi Emmy hakuwa mwanachama.

Vita vilipokwisha na mfalme wa Ujerumani akaondoka, sheria zilianza kulegea. Mwaka wa 1919 alipewa idhini ya kusomesha kwa jina lake mwenyewe. Mwaka wa 1922 akapewa cheo cha profesa, lakini profesa wa jina tu, asiye katika orodha ya mishahara. Mwaka wa 1923 ndipo alipoanza kulipwa ujira mdogo kwa ajili ya darsa za aljebra. Ukihesabu tangu 1908 utaona kwamba imepita miaka 15. Alikuwa na umri wa miaka 41.

Na sasa tuitazame kazi yenyewe. Neno aljebra, kama wajuavyo wasomaji, limetoka katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Jabr ni kuunga kilichovunjika, kama mganga anavyounga mfupa, na kwa miaka elfu moja aljebra ilikuwa elimu ya kuurudisha mlinganyo katika hali yake ili kisichojulikana kijulikane. Katika karne ya 19 wanahisabati walianza kuuliza jambo jingine. Waliacha kuuliza jibu ni ngapi, wakauliza vitu hivi tunavyovijumlisha na kuvizidisha vimejengwaje.

Chukua nambari nzima, zilizo juu ya sufuri na zilizo chini yake. Ukizijumlisha, ukizitoa au ukizizidisha, jibu ni nambari nzima tena, hutoki nje. Mkusanyiko wowote wenye tabia hiyo wanahisabati wameuita pete. Ziko pete za nambari, na ziko pete za polinomia, yaani zile hesabu zenye x na y. Kisha tazama nambari za shufwa. Shufwa kwa shufwa ukizijumlisha unapata shufwa. Na shufwa ukiizidisha kwa nambari yoyote, hata ikiwa ni witiri, unapata shufwa. Sehemu ya pete inayovuta kila kitu ndani namna hiyo huitwa ideali, jina lililotiwa na Mjerumani Richard Dedekind katika mwaka wa 1871. Bi Emmy alimheshimu sana Dedekind, na kila aliposifiwa kwa jambo jipya alikuwa akisema kwamba Dedekind alikwisha kulijua.

Basi panga ideali kama ngazi. Anza na nambari zote zinazogawika kwa 60. Hizo zimo ndani ya zile zinazogawika kwa 30, nazo zimo ndani ya zile zinazogawika kwa 15, nazo zimo ndani ya zile zinazogawika kwa 5, nazo zimo ndani ya nambari zote. Hapo umefika darini, hakuna pa kupanda tena. Ungeweza kupita njia nyingine, lakini kila njia ina mwisho, kwa kuwa 60 haina vigawanyo visivyo na idadi. Katika pete ya nambari nzima hakuna ngazi ya ideali inayopanda milele.

Pete nyingine si hivyo. Fikiri juu ya polinomia zenye herufi zisizojulikana zisizo na idadi. Ideali ya herufi ya kwanza imo ndani ya ideali ya herufi mbili za kwanza, nayo imo ndani ya ile ya herufi tatu, na hivyo hivyo pasi na kikomo. Ngazi hiyo haina dari.

Mwaka wa 1921 Bi Emmy alitoa makala marefu juu ya nadharia ya ideali katika pete. Ndani yake alilishika sharti hilo moja, kwamba kila ngazi ya ideali inayopanda isimame, akaonyesha kwamba linatosha kujenga juu yake nyumba nzima. Hapo nyuma Emanuel Lasker, ambaye watu wengi humjua kama bingwa wa dunia wa mchezo wa sataranji, alikuwa amethibitisha mwaka wa 1905 kwamba ideali za polinomia huvunjika kuwa vipande vya msingi, kama 60 inavyovunjika kuwa 4 na 3 na 5. Uthibitisho wake ulikuwa mrefu na wa taabu. Bi Emmy aliufanya kwa kurasa chache, tena kwa kila pete yenye sharti lake, iwe ya polinomia au isiwe.

Sasa ndipo tunapofahamu kwa nini aliidharau tasnifu yake. Fomyula 300 alizozikokotoa kwa Gordan zilieleza jambo moja tu. Sharti moja la ngazi kusimama lilieleza mambo ambayo hakuna mkono ungeweza kuyaandika yote. Siku hizi pete zenye sharti hilo huitwa pete za Noether.

Wanafunzi wakaanza kumiminika. Walitoka Ujerumani, Uholanzi, Urusi, hata Uchina na Japani. Darsa zake hazikuwa nyepesi. Alisema upesi, mawazo yakimjia papo hapo akiwa mbele ya ubao, na mgeni aliyeingia bila matayarisho alitoka hana alilolipata. Lakini waliovumilia walipata hazina. Siku moja jengo la chuo lilifungwa kwa sikukuu ya serikali. Yeye akawakusanya wanafunzi wake kwenye ngazi za nje, akawaongoza kupitia msituni hadi mkahawani, na darsa likaendelea huko huko mezani. Mavazi hakuyajali, chakula alikula cha rahisi, na fikira zake aliwagawia wanafunzi kama mtu agawaye maji ya kisima, wao wakaandika makala kwa majina yao na yeye hakudai.

Mmoja wao alikuwa kijana wa Kiholanzi, B. L. van der Waerden, aliyefika mwaka wa 1924. Darsa za Bi Emmy na za Emil Artin aliziandika katika kitabu cha juzuu mbili kilichotoka mwaka wa 1930 na 1931, na kitabu hicho ndicho kilichobadilisha namna aljebra inavyosomeshwa ulimwenguni. Mwingine aliyefaidika naye alikuwa Mrusi Pavel Alexandrov. Bi Emmy alikaa naye Moscow majira ya baridi ya 1928 na 1929, na shauri lake likaugeuza upande mwingine kabisa wa hisabati, ule unaochungua maumbo.

Mwaka wa 1932 mkutano mkuu wa wanahisabati wa dunia ulifanyika Zürich, Uswisi. Bi Emmy alialikwa kutoa hotuba mbele ya mkutano mzima, jambo ambalo halikupata kufanywa na mwanamke kabla yake. Mwaka huo huo yeye na Artin wakapewa tuzo kwa kazi zao. Ilionekana kana kwamba mlango uliofungwa miaka 30 sasa umefunguka.

Haukupita mwaka. Januari 1933 Manazi walishika serikali, na mwezi wa Aprili wakatoa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za dola. Bi Emmy alikuwa miongoni mwa walimu sita wa mwanzo waliosimamishwa Göttingen. Alikuwa na makosa matatu machoni pa watawala wapya: Myahudi, mwanamke, na mtu mwenye siasa za mrengo wa kushoto. Wenzake wanasimulia kwamba katika siku zile za hofu yeye ndiye aliyewatuliza wengine. Hakulalamika juu yake mwenyewe. Wanafunzi wakaendelea kumwendea nyumbani, naye akawasomesha sebuleni mwake, hata mmoja wao aliyekuja amevaa sare ya wanamgambo wa chama hicho hicho kilichomfukuza.

Mwishoni mwa 1933 alivuka bahari kwenda Marekani, katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, jimbo la Pennsylvania. Mkuu wa idara ya hisabati huko, Bibi Anna Pell Wheeler, alikuwa amewahi kusoma Göttingen na alijua ni nani anayempokea. Kwa mara ya kwanza Bi Emmy alizungukwa na wanahisabati wanawake wenzake. Kila wiki alipanda gari la moshi kwenda Princeton kutoa darsa katika taasisi alimokuwamo Einstein. Majira ya joto ya 1934 alirudi Ujerumani kwa muda, akaagana na ndugu yake Fritz, naye mwanahisabati aliyefukuzwa, aliyekuwa anahamia Tomsk katika Muungano wa Kisovieti. Huko Fritz hakupata salama. Alikamatwa mwaka wa 1937 na akauawa 1941, na mwaka wa 1988 ndipo mahakama kuu ya nchi hiyo ilipotamka kwamba hakuwa na hatia.

Bi Emmy hakuyaona hayo. Aprili 1935 madaktari waligundua uvimbe tumboni, akapasuliwa, na kwa siku kadhaa ikaonekana anapata nafuu. Kisha homa ikampanda ghafula, akazimia, akafariki tarehe 14 Aprili 1935. Umri wake ulikuwa miaka 53. Majivu yake yalizikwa chini ya njia ya kupitia kwenye ua wa ndani wa maktaba ya Bryn Mawr. Einstein aliandika barua gazetini New York kuwaeleza watu ni mtu gani aliyeondoka. Na van der Waerden, aliyekuwa bado anakaa Ujerumani chini ya watawala wale wale, alidiriki kuandika taazia yake katika jarida la Kijerumani.

Mambo hayakuishia hapo, na hili lililobaki ndilo la kutiliwa maanani zaidi. Mtu angeweza kudai kwamba sharti la Bi Emmy ni jambo la urahisi tu: amechagua pete zilizo na adabu, amezifanyia kazi, na pete nyingine zina mambo yake. Ilichukua karibu miaka 40 kuonekana kwamba sivyo.

Mwaka wa 1940 Reinhold Baer, Mjerumani mwingine mkimbizi aliyewahi kusoma Göttingen na kufaidika na Bi Emmy, alichunguza mikusanyiko fulani inayokubali kuzidishwa na vitu vya pete. Mikusanyiko hiyo huitwa moduli. Baadhi ya moduli zina ukarimu wa ajabu. Tuseme kanuni inasema 3 ipelekwe kwenye 7, kisha wewe unaulizwa: je, 1 nayo itakwenda wapi? Unatafuta kitu ambacho ukikizidisha kwa 3 utapata 7. Katika nambari nzima hakipo. Katika sehemu kipo, ni 7 juu ya 3. Moduli ambamo kila kanuni iliyoanzwa juu ya ideali huweza kukamilishwa juu ya pete nzima huitwa injektivi. Nambari nzima si injektivi. Sehemu ni injektivi.

Sasa tuseme unazo moduli injektivi nyingi na unataka kuziweka pamoja. Fikiri juu ya ukuta wa vidaka kama wa nyumba zetu za kale, kila kidaka kikiwa na moduli yake. Kila mpango wa vyombo unaruhusiwa kujaza vidaka vyenye idadi tu, vingine vyote viwe vitupu, hata kama ukuta wenyewe hauna mwisho. Huo ndio unaoitwa jumla ya moja kwa moja. Vidaka vikiwa vitano au mia hapana tatizo, ukuta mzima utakuwa injektivi. Je, vikiwa havina idadi?

Jibu lilipatikana kwa Zoltán Papp mwaka wa 1959 na Hyman Bass mwaka wa 1962. Ukarimu huo hubaki katika kila jumla namna hiyo ikiwa pete ni ya Noether, na hubaki katika pete za Noether peke yake. Sababu yake yafahamika. Ngazi za ideali zikisimama, kila ideali hujengwa kwa vitu vichache vyenye idadi. Kanuni iliyoanzwa juu yake itagusa vidaka vichache, na vichache havina shida. Lakini ikiwako ngazi moja isiyosimama, mtu aweza kutunga kanuni ambayo kila kipandio chake kinagusa kidaka kipya. Hatua kwa hatua kanuni haina kosa. Ila kuikamilisha kwataka mpango mmoja wenye chombo katika kila kidaka mpaka mwisho usiokuwako, na mpango kama huo ukuta wetu haukubali.

Hali kadhalika Eben Matlis alikuwa ameonyesha mwaka wa 1958 kwamba katika pete za Noether kila moduli injektivi huvunjika kuwa vipande visivyovunjika tena, na Papp akaonyesha kwamba jambo hilo nalo halipatikani kwa moduli zote ila katika pete hizo. Basi tazama: mtu ameanza na moduli, hakutaja ngazi wala ideali, akauliza swali lake mwenyewe, na mwisho wa njia amelikuta sharti la 1921 limesimama mlangoni. Sharti lile halikuwa mazoea ya bibi mmoja. Ulikuwa mpaka uliomo katika maumbile ya pete zenyewe, naye ndiye aliyeuona mapema.

Walimu wale waliopiga kura kumnyima idhini walikuwa watu wenye viti, mishahara na majoho. Waliogopa heshima ya chuo isipungue. Leo chuo chao kinajivunia kwamba Bi Emmy alisomesha pale. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Kazi ya Bi Emmy ilijiuza yenyewe, lakini bei yake ililipwa na mtu aliyesomesha miaka 15 pasi na senti, akafukuzwa siku alipoanza kutulia, na akafa ugenini akiwa bado ana darsa za kumaliza. Chuo chochote kinachomrudisha mlangoni mwanafunzi kwa sababu ya alivyo, kabla ya kuuliza anajua nini, na kiihesabu hasara hiyo.